Chupa, kasuku na kibuyu: vinywaji anavyouziwa mjamzito Kisumu

Ingia supamaketi yoyote kubwa mjini Kisumu, uliza kinywaji kisicho na pombe, utaelekezwa kwenye vitu vitatu ambavyo havina undugu: chupa ya bia iliyoandikwa 0.0, kopo la bia lililoandikwa kwamba pombe yake haizidi 0.5, na chupa ya shayiri tamu ambayo haijawahi kuwa bia hata siku moja. Toka nje uende soko la Kibuye, utauziwa uji mchachu kwenye kikombe. Fika Obunga au shuka Nyalenda, kasuku (kopo la mafuta ya kupikia) ya busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka, itawekwa mbele yako ikisifiwa kuwa "ni chakula tu, mama". Vyote hivi huuziwa wajawazito, na kila kimoja kina wakili wake. Hapa tunavipima kwa kipimo kimoja: gramu za pombe halisi zinazoingia kwa mama, kwa sababu ndizo zinazomfikia mtoto. Ladha inakuja nyuma.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua mililita zilizo kwenye chupa, zidisha kwa asilimia ya pombe, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79, maana pombe ni nyepesi kuliko maji na mililita yake moja ina uzito wa gramu 0.79. Bia ya kawaida ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za pombe, yaani gramu 16 na nusu. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 10 kuwa kipimo kimoja cha pombe, kwa hiyo chupa ile moja ni zaidi ya kipimo kimoja na nusu. Ini la mtu mzima huondoa takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa iliyoisha saa mbili usiku, basi, huenda bado imo katika damu saa nne.

Na ikiwa katika damu ya mama, imo pia katika damu ya mtoto. Kondo la nyuma halichuji pombe. Chembe zake ni ndogo na huyeyuka katika maji, kwa hiyo hupita bila kizuizi, na kiwango cha upande wa pili hukaribia kile cha mama. Tofauti ni ini: la mtoto bado halina vimeng'enya vya kutosha vya kuivunja, hivyo hungoja mama aisafishe. Sehemu nyingine hutoka kwa mkojo wa mtoto na kuingia katika maji ya uzazi, naye huyameza tena. Ndiyo maana "kidogo tu" ya mama si kidogo tu ya mtoto, na ndiyo maana hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, wala mwezi wa mimba unaojulikana kuwa salama. Uso na viungo hujengwa katika wiki za mwanzo, wakati wengi bado wanadhani hedhi imechelewa. Ubongo hujengwa miezi yote tisa.

Bia za 0.0 ndizo tunazoanza nazo kwa kuwa ndizo zinazoulizwa zaidi. Hutengenezwa kama bia, kisha pombe hutolewa, kwa kawaida kwa kuipasha moto kidogo ndani ya chombo kilichopunguzwa hewa ili pombe ipae mapema bila kupika ladha. Zile zinazoandikwa 0.0 kwa kweli hubaki na chembe, kwa kawaida chini ya asilimia 0.05. Chupa ya mililita 330 ya namna hiyo ina takribani gramu 0.13 ya pombe. Ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa jeusi nayo ina chembe, na mkate pia. Kwa kipimo hicho hatuna ugomvi na 0.0, mradi imefunguliwa mbele yako. Baa nyingi huweka kwenye friji moja chupa ya 0.0 na dada yake mwenye asilimia 5, lebo zikiwa karibu sawa, rangi tu ndiyo imebadilika, na mhudumu mwenye meza kumi haangalii rangi. Soma mwenyewe kabla kizibo hakijatoka. Kasoro nyingine ni ya tabia: kwa mtu aliyekuwa akinywa kila jioni, harufu na uchungu wa bia ya 0.0 humrudishia hamu ya ile nyingine. Kwa huyo hatuipendekezi hata kidogo. Kwa yule anayetaka tu kushika chupa kwenye harusi asiulizwe maswali na shemeji zake, inafanya kazi yake vizuri.

Kopo la 0.5 ni jambo jingine. Katika nchi nyingi sheria huruhusu kinywaji cha chini ya asilimia 0.5 kuitwa kisicho na pombe, na wengi hudhani maneno hayo yana maana sawa na 0.0. Yana tofauti ya mara kumi. Kopo la mililita 330 lenye 0.5 lina gramu 1.3. Moja halifiki popote karibu na bia, lakini makopo manne ya alasiri ya Jumapili huko Dunga, ukisubiri samaki, ni gramu 5, nusu ya kipimo kizima. Iliyo sahihi kwa mjamzito ni kuyaacha, kwa kuwa pembeni yake pana 0.0 na pembeni ya 0.0 pana maji.

Vinywaji vya shayiri, vile vitamu vya rangi ya kahawia, havina kosa la pombe. Kosa lake ni sukari. Lebo ikisema gramu 10 kwa kila mililita 100, chupa ya 330 ina gramu 33, vijiko vinane vya chai. Mjamzito mwenye jamaa wa kisukari, au aliyezaa mtoto mkubwa kupita kawaida, hapaswi kukifanya kuwa chai ya asubuhi kwa jina la "kuongeza damu". Hakiongezi. Chupa moja kwa mara moja, pamoja na chakula, haitamdhuru aliye mzima.

Hilo la damu linatuleta kwenye stauti, bia nyeusi, ambayo bado huagizwa na mama wakwe kwa nia njema kabisa. Rangi ndiyo inayodanganya. Weusi wake unatoka kwa shayiri iliyokaangwa mpaka ikaungua. Hautokani na madini ya chuma. Chupa nzima ina chini ya nusu miligramu ya chuma. Kidonge kimoja cha chuma na foliki kinachotolewa kliniki kina miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki. Kwa hiyo, kufikia kidonge kimoja ungehitaji zaidi ya chupa 100, na stauti ya nusu lita yenye asilimia 6.5 huja na gramu 25 na nusu za pombe kila moja. Juu ya hayo, pombe huvuruga ufyonzaji wa foliki, yaani inakunyang'anya kile kidonge kilikuja kukupa. Sahani ya omena na osuga (mnavu) iliyokamuliwa ndimu, chai ikiwa imesogezwa saa moja mbele, ina faida zaidi na haina lebo ya kusoma. Kati ya vinywaji vyote hapa, stauti ndiyo tunayoichukia zaidi kwa sababu moja: huingia nyumbani kwa jina la dawa.

Sasa kasuku.

Busaa ina heshima yake magharibi mwa Kenya, na si kazi ya tathmini hii kuitukana. Ni kinywaji cha mavuno, cha mazishi, cha kulipia mahari, cha kuwashukuru watu waliokuja kulima. Lakini mjamzito anapaswa kujua kilicho ndani. Unga wa mahindi hulowekwa na kuachwa siku kadhaa uchache, kisha hukaangwa juu ya bati pana mpaka uwe wa kahawia. Ukishapoa huchanganywa na maji na kimea, yaani wimbi (ulezi) lililoota, likakaushwa na kusagwa. Kimea ndicho kinachofanya kazi: vimeng'enya vyake hukata wanga kuwa sukari, na chachu hula sukari hiyo na kutoa pombe na hewa. Baada ya siku mbili hadi nne hukamuliwa na kuuzwa.

Tazama pale mwisho: baada ya kimea, hakuna moto tena. Busaa huuzwa ikiwa hai. Chachu iliyomo ndani haikujua kwamba umelipa. Ile ya saa nne asubuhi na ile ya saa kumi jioni kutoka pipa moja si kinywaji kimoja, hasa kwa joto la Kisumu. Mara nyingi nguvu yake ni kati ya asilimia 2 na 5, lakini hakuna anayeipima, na utamu au uchachu si kipimo: busaa tamu bado ina sukari ya kugeuka pombe, na busaa chachu imekwisha kuigeuza. Chukua asilimia 4, kasuku ya lita moja. Ni gramu 31.6. Karibu bia mbili, katika chombo ambacho watu hukiita kimoja.

Kwenye mtungi wa pamoja mambo ni magumu zaidi. Kwa Wateso wa Busia na jirani zao, watu huketi kuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, na maji moto huongezwa kadiri kinywaji kinavyopungua. Ni desturi nzuri ya kuzungumza, lakini hakuna aliyeketi pale anayeweza kusema amevuta kiasi gani. Mjamzito akiketi kwa ajili ya mazungumzo, aje na kikombe chake cha uji. Mrija ukishaingia kinywani, hesabu imekwisha.

Lipo pia jambo la kibarua. Katika rasi ya magharibi ya Afrika Kusini, mashamba ya zabibu yaliwalipa vibarua sehemu ya ujira kwa waini, vizazi hadi vizazi. Mfumo huo uliitwa dop, na mkoa huo leo unajulikana duniani kwa kuwa na idadi kubwa mno ya watoto walioathiriwa na pombe wakiwa tumboni. Kulipa wakulima kwa busaa baada ya kulima shamba la jirani si dop, hakuna anayelazimishwa. Lakini mwenye shamba anayejua kwamba kati ya waliokuja kulima yumo mjamzito, aweke kando sufuria ya pili. Gharama ni ile ile ya unga.

Sufuria hiyo ya pili iwe ya nini? Uji mchachu, na hapa tunatoa alama za juu kuliko mahali pengine popote. Ni nafaka zile zile, ila njia ni nyingine. Koroga kikombe kimoja cha unga wa wimbi, au wimbi na mtama nusu kwa nusu, katika vikombe viwili vya maji safi ya uvuguvugu. Funika kwa kitambaa, acha saa 24 hivi. Kwa baridi ya Nakuru, hasa Julai, inaweza kuchukua hata siku mbili. Wanaofanya kazi ndani humo ni bakteria wa maziwa lala, na wanachotoa ni asidi. Chemsha vikombe vinne vya maji, mimina mchanganyiko huku ukikoroga, acha uchemke polepole dakika 15 hadi 20. Uchachu hubaki, chembe ya pombe iliyokuwepo hupaa sehemu kubwa, na wadudu wengi hufa. Faida nyingine: kuchacha hupunguza vile vitu vya kwenye maganda ya nafaka vinavyoshikilia chuma, kwa hiyo damu hupata zaidi kutoka kwa wimbi lile lile.

Yanayoharibu uji huu ni matatu. La kwanza, kutia kimea baada ya kupoa ili "ulainike". Ukifanya hivyo na kuuacha usiku kucha, umeanza kupika busaa bila kujua. La pili, kutia sukari kisha kuuweka mtungini hadi kesho. Sukari ni chakula cha chachu, nayo haikosekani jikoni. Sukari itiwe kikombeni. La tatu, kununua ule wa sokoni ambao haujapikwa baada ya kuchacha, au umechanganywa na maji mabichi. Muulize muuzaji swali moja: umechemka kabla au baada ya kuchacha? Akisita, nenda kwa mwingine.

Na kwa wale wanaouliza kama busaa yenyewe ikichemshwa itafaa: haifai. Ni kweli pombe huchemka kwa nyuzi 78, lakini ikiwa imechanganyika na maji haiondoki yote kwa mara moja. Chakula kilichotiwa pombe na kuchemshwa polepole kwa dakika 15 hubaki na karibu asilimia 40 ya pombe yake, na baada ya saa nzima bado robo imo. Utapoteza kuni na kubaki na busaa mbaya. Hesabu hiyo hiyo inahusu samaki wa kukaangwa kwa unga uliokorogwa na bia, na mchuzi wa waini unaomiminwa dakika ya mwisho kabla sahani haijatoka jikoni. Kijiko cha mchuzi si glasi, lakini una haki ya kuuliza.

Chang'aa, pombe kali ya kienyeji ya kutoneshwa kwa mvuke, haina tathmini ndefu. Nguvu yake hubadilika kutoka nyumba hadi nyumba, na ikifika asilimia 40, glasi ya mililita 100 ina gramu 31.6, sawasawa na kasuku nzima ya busaa tuliyoihesabu juu. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ile inayoitwa ya Mututho kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliondoa marufuku ya zamani na kutaka chang'aa itengenezwe kwa leseni na kuuzwa kwenye chupa. Ile inayomiminwa kutoka kibuyu au jerikeni haina leseni wala mtu wa kujibu ikiwa imetiwa methanoli, ambayo mwilini hugeuka asidi inayoua mishipa ya macho. Jaribio la kuwasha kiberiti na kutazama moto wa bluu halisaidii kitu: huonyesha tu kwamba kinywaji ni kikali. Methanoli huwaka vile vile.

Wanaosahauliwa ni wapishi wenyewe, ambao wengi ni kina mama. Mjamzito anayepika ili alipe karo huonja pishi baada ya pishi, na huonja yale matone ya kwanza, ambayo ndiyo makali na ndiyo yenye uchafu mwingi. Vijiko vitano vya mililita 10 kwa asilimia 50 ni gramu karibu 20 bila kuketi kunywa. Amwachie mwingine kazi ya kuonja, au aonje na kutema, kisha asukutue. Na moshi wa kuni katika chumba kilichofungwa una madhara yake kwa uzito wa mtoto, hata pombe ikiwekwa kando.

Chupa za rafu za juu, waini na vile vitamu vya rangi ya maua vinavyouzwa kwa wasichana, tutavipita haraka. Glasi ya waini ya mililita 150 yenye asilimia 12.5 ni gramu 15, takribani sawa na bia. Vile vitamu huzidi kwa hila, kwa sababu sukari huficha ukali na chupa huisha upesi. Divai ya meza ya Bwana, kijiko kidogo cha mililita 5, ni karibu nusu gramu; anayeona shida apokee mkate peke yake, na makanisa mengi hutumia juisi ya zabibu tangu awali.

Lebo za chupa hizi zote zina kasoro ambayo hatujasikia ikilalamikiwa vya kutosha. Onyo tulilolizoea Kenya husema kwamba kunywa kupita kiasi kunadhuru afya yako. Kwa mjamzito, maneno mawili humo yanapotosha. "Kupita kiasi" linamwambia kwamba kipo kiasi kinachomfaa, na hakipo. "Yako" linamwambia kwamba anayehatarika ni mmoja, na ni wawili. Marekani imelazimisha onyo linalotaja ujauzito tangu 1989, na Ufaransa imeweka mchoro wa mama mjamzito aliyekatwa mstari tangu 2007. Ukiona mchoro huo mdogo nyuma ya chupa ya waini kutoka nje, ndio huo, na unaeleweka hata kwa asiyejua kusoma.

Kibuyu cha mursik, maziwa ya kuchacha ya Wakalenjin, kwa wale wa upande wa Nakuru na kupanda juu, si pombe kwa nia. Maziwa huchachuka kwa asidi. Lakini yakikaa wiki nyingi katika sotet, yaani kibuyu chenyewe, chachu nayo huingia, na chembe za pombe na sumu yake ya kwanza, asetaldehaidi, hupatikana. Hatari iliyo karibu zaidi ni maziwa mabichi yenyewe, maana ugonjwa wa brusela huharibu mimba. Yachemshe kwanza, yapoze, ndipo uyatie kibuyuni, na unywe yakiwa ya siku chache. Kombucha ya mikahawani, chai iliyochachushwa, haipati alama: huendelea kuchacha chupani friji ikizimika, na ile ya nyumbani huweza kuvuka asilimia 2. Dawa chungu za chupa zinazouzwa stendi, na mizizi iliyolowekwa ndani ya pombe kali, ziache zote. Kuhusu dawa ya kikohozi, mwambie mfamasia una mimba na umwombe isiyo na pombe. Zipo, tena mara nyingi kwenye rafu ile ile.

Ni nini hasa kinachokwepwa kwa bidii yote hii? Mimba kutoka, mtoto kufia tumboni, kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa na uzito mdogo, na hili la mwisho kanda ya ziwa tayari linasababishwa na malaria, kwa hiyo mtoto hupigwa mara mbili. Kisha kuna madhara ya kudumu ambayo daktari Paul Lemoine aliyaeleza huko Nantes, Ufaransa, mwaka 1968, na madaktari Kenneth Jones na David Smith wakayapa jina wakiwa Seattle, Marekani, mwaka 1973: macho yenye mwanya mfupi, mfereji wa juu ya mdomo uliosawazika, mdomo wa juu mwembamba, mwili usiokua vizuri, ubongo ulioumia. Wengi walioathirika hawana uso huo. Huonekana wazima, kisha darasani hawakumbuki cha jana, hawatulii, hawaelewi hesabu, na huitwa watundu na kuchapwa kwa jambo lililotokea kabla hawajazaliwa.

Huduma ya mwisho ya kukaguliwa ni kliniki yenyewe. Vidonge vipo, kijitabu cha mama na mtoto kipo, na ratiba ya ziara nane ni nzuri ukianza kabla ya wiki ya 12. Panapopwaya ni swali la pombe. Likiulizwa kwenye benchi, majirani wakisikiliza, jibu litakuwa hapana, na muuguzi ataandika hapana. Omba kuulizwa ndani, mlango ukiwa umefungwa. Kama ulikunywa kabla ya kujua una mimba, acha leo na useme. Ubongo wa mtoto bado unajengwa na kila wiki isiyo na pombe inahesabika. Lakini anayekunywa kila siku, na ambaye mikono humtetemeka asubuhi asipopata, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Ndani ya saa 6 hadi 48 huweza kutokwa jasho, kutapika na kupata degedege, ambayo ni hatari kwa wote wawili. Huyo anahitaji kitanda, vitamini B1 na daktari anayejua kwamba ana mimba, kwa sababu baadhi ya dawa za kuachisha pombe hazifai mjamzito. Nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo, mchana na usiku.

Na unapoulizwa kiasi, usijibu "kidogo". Neno hilo halina mililita. Sema ni kasuku nusu, Jumamosi na Jumapili, tangu mwezi gani, ya busaa au ya nini. Muuguzi atafanya hesabu iliyobaki.